Homa Imeondoka, Pumzi Haijarudi

Ngazi za nyumba ninayoishi zina vidato 44. Nimezipanda miaka mingi bila kuvihesabu. Nilivihesabu kwa mara ya kwanza wiki ya tatu baada ya mafua makali yaliyonilaza siku tisa, kwa sababu nilipofika kidato cha 22 ilibidi nisimame. Mkono mmoja nilishika reli, vidole viwili vya mkono wa pili nikaviweka shingoni, nikatazama saa na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15. Yalikuwa 34. Hiyo ni 136 kwa dakika, na nilichobeba ni funguo tu.

Siku tatu kabla ya hapo daktari alikuwa amenisikiliza kifua, mbele na mgongoni, akaniambia mapafu ni safi, nimepona. Kuhusu mapafu alisema kweli. Homa ilikuwa imekwisha, kikohozi kilibaki cha asubuhi tu, usingizi ulikuwa umerudi. Lakini pale kwenye kidato cha 22 nilikuwa natweta kama mtu aliyekimbizwa, na neno "umepona" halikunitosha.

Nyumbani nilipata mashauri mawili. Shangazi yangu alisema, "Mwanangu, lala. Mwili ukikataa usiulazimishe." Kaka yangu akasema nivae viatu nitoke nje nikatoe jasho, maana ugonjwa hutoka na jasho. Wote wawili wananipenda, na kila mmoja alikuwa na mfano wa mtu aliyemjua, aliyenyanyuka kwa njia hiyo hiyo. Nimetumia miezi kadhaa tangu hapo kusoma na kuuliza, na msimamo wangu ni huu: kila ushauri kati ya hiyo miwili una wagonjwa wake, na kila mmoja unaumiza ukimfikia mgonjwa asiye wake. Kinachowatenganisha wagonjwa hao hakionekani saa mtu anapojitahidi. Huonekana kesho yake, wakati mwingine keshokutwa, na karibu hakuna anayeuliza habari za siku hiyo.

Tuanze na pumzi yenyewe. Kiswahili kimeipa neno moja hewa inayoingia kifuani na uwezo wa mchezaji kumaliza dakika 90. Mtazamaji wa mpira akisema "yule hana pumzi", hakuna anayedhani mapafu ya mchezaji yana kasoro. Tunaelewa kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha, au ametoka kwenye majeraha. Ila mtu akitoka kuugua kifua kisha akaishiwa pumzi, sote tunakimbilia kutazama mapafu, na picha ya mapafu ikitoka safi tunamwambia hana kitu.

Oksijeni ina safari ndefu. Mapafu huipokea kupitia vifuko vya hewa vinavyohesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Damu huibeba. Moyo huisukuma, takriban lita 5 za damu kwa dakika mtu akiwa ametulia, na lita 20 au zaidi kijana mwenye afya anapojitahidi hadi mwisho wa nguvu zake. Kisha misuli huichukua na kuitumia. Mwaka 1870 mwanafiziolojia Mjerumani Adolf Fick aliieleza hesabu hiyo kwa namna ambayo wataalamu wanaitumia mpaka leo: oksijeni inayotumiwa na mwili ni kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, mara tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda kwenye misuli na ile inayorudi. Kwa watu wengi wenye afya mapafu yana akiba kubwa. Kinachofika ukomo mapema ni uwezo wa moyo kusukuma, na nyuma yake uwezo wa misuli kutumia kilicholetwa. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu safi kabisa anaweza kusimama katikati ya ngazi akitafuta hewa.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka kwa wagonjwa walioumwa vibaya kuliko mimi. Watafiti wa Toronto nchini Kanada waliwafuatilia watu ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kazi hadi wakalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Matokeo ya miaka mitano yalichapishwa mwaka 2011. Vipimo vya mapafu vilikuwa vimerudi katika hali ya kawaida au karibu nayo. Lakini walipopewa dakika 6 watembee kadiri walivyoweza, umbali wa kati ulikuwa mita 436, asilimia 76 ya ule uliotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao. Miaka mitano! Mtu angeonyeshwa karatasi ya vipimo vya mapafu peke yake, angesema hawa wamepona zamani.

Sasa kuhusu kitanda. Shangazi hakuubuni ushauri wake. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliwalaza wagonjwa wa moyo kwa wiki nyingi bila kuwaruhusu kuketi, hadi Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipoandika mwaka 1952 kwamba wagonjwa waliokalishwa kwenye kiti mapema waliendelea vizuri. Lakini jaribio lililonifumbua macho mimi ni la Dallas, Texas, mwaka 1966. Vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, walilala kitandani wiki tatu. Hakuna aliyekuwa na virusi, hakuna aliyekuwa na homa. Walipoinuka, uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo.

Watafiti waliwatafuta tena vijana hao mwaka 1996, sasa wana miaka 50, wengine wameongezeka uzito, nywele zimeanza kubadilika rangi. Wote watano walipimwa upya. Ilionekana kwamba zile wiki tatu za kitanda walipokuwa na miaka 20 zilikuwa zimeupunguza uwezo wao kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikakaa kimya, nikihesabu siku zangu tisa.

Mwili ulalapo, majimaji yanayokaa miguuni hupanda kifuani. Mwili huyasoma kama ziada na figo huyatoa kwa mkojo, hivyo kiasi cha damu hupungua ndani ya siku chache tu. Ongeza homa iliyokukausha na hamu ya kula na kunywa iliyopotea. Siku unapoinuka, damu inayorudi moyoni ni kidogo, kila pigo linasukuma kidogo, na moyo hauna njia nyingine ila kupiga mara nyingi zaidi. Nyuma ya hapo misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu imepungua. Mapigo yangu 136 hayakuwa na siri yoyote. Moyo ulikuwa unafidia.

Na habari njema ya Dallas ni kwamba kilichopotea kilirudi. Baada ya kulala, vijana wale walifanyishwa mazoezi kwa takriban wiki nane, na wale ambao hawakuwa wanamichezo waliishia juu kuliko walipoanzia. Hata mwaka 1996, miezi sita ya mazoezi ya taratibu iliwarudishia kile ambacho umri ulikuwa umewapokonya. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kitanda, dawa yake ni kutembea, na kila wiki anayoahirisha inamgharimu.

Hapo kaka yangu angepiga makofi. Lakini hoja yake ina shimo, na shimo lenyewe ni hatari.

Vijana wa Dallas walilala wakiwa wazima. Sisi tulilala kwa sababu kulikuwa na kirusi mwilini, na virusi vya njia ya hewa havikai njia ya hewa peke yake. Virusi vya mafua, kile kilicholeta UVIKO-19, adenovirusi na vingine vinaweza kuufikia msuli wa moyo, au kuichokoza kinga ya mwili hadi msuli huo uvimbe. Halitokei kwa wengi. Kwa anayepatwa nalo, kukimbia ili "kutoa ugonjwa kwa jasho" kunaweza kuvuruga mdundo wa moyo na kumuua ghafla, hata akiwa kijana mwenye kifua kipana. Wataalamu wa moyo wamekuwa wakiwaambia wanamichezo wenye tatizo hili wakae nje ya mashindano miezi mitatu hadi sita, na wasirudi kabla ya kupimwa upya. Kirusi hakitoki kwa jasho. Kinachokiondoa ni kinga ya mwili, na kinga hiyo inafanya kazi vizuri zaidi usipoikimbizia kilomita kumi.

Hata moyo usiovimba una wiki zake za hatari. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitishwa ana mafua ya influenza, uwezekano wa kulazwa kwa shambulio la moyo huwa takriban mara sita ya siku zake nyingine. Kwa hiyo maumivu au mkazo wa kifua, moyo unaodunda ovyo, kuzimia au kukaribia kuzimia, miguu kuvimba, kukosa pumzi ukiwa umelala chali, au pumzi kukatika ghafla pamoja na mguu mmoja kuuma na kujaa: hayo yote ni ya hospitali, leo hii, na mazoezi yanasimama. Hapa sibembelezi mtu.

Bado kuna kundi la tatu, na ndilo lililonifanya niandike.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu. Aliugua UVIKO-19, hakulazwa, alikohoa wiki moja akarudi kazini. Wenzake walimpokea kwa maneno yale tunayoyajua: "Pole mwalimu, jikaze tu, utazoea." Akajikaza. Jumamosi moja alijisikia vizuri, akafua nguo za wiki nzima, akazianika, akafagia na uani. Jioni alinipigia simu kwa furaha akisema amerudi kuwa yeye. Jumapili ilipita salama. Jumatatu asubuhi alishindwa kuinua mkono kuchana nywele. Koo lilimuuma kama siku ya kwanza ya ugonjwa, maneno yalimpotea katikati ya sentensi, mwanga wa dirishani ulimwumiza. Ilimchukua siku nne kuinuka. Aliposimulia kazini waliambiana kwamba ana msongo wa mawazo, na yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba ni mvivu.

Wiki mbili baadaye ikatokea tena, na ya tatu. Kila mara siku njema, kisha kazi, kisha siku moja au mbili za ukimya, kisha anguko. Kwa sababu anguko lilichelewa, hakuna aliyeliunganisha na kazi iliyolitangulia. Nani atahusisha kufua kwa Jumamosi na kitanda cha Jumatatu?

Hali hii inajulikana. Huja kati ya saa 12 na 72 baada ya juhudi, na juhudi yenyewe inaweza kuwa ndogo, hata ya akili tu. Wenye ugonjwa wa uchovu sugu wamekuwa wakiieleza kwa miongo mingi, na kwa miongo mingi wamekuwa wakiambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba. Mwaka 2021 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, NICE, iliondoa ushauri huo kwa wagonjwa hao: isitolewe tena programu ya mazoezi inayoongezeka kwa viwango vilivyopangwa bila kujali mwili unasemaje. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya hali inayobaki baada ya UVIKO-19, kwa kawaida miezi mitatu tangu mtu kuugua, dalili zikiwa zimedumu angalau miezi miwili bila maelezo mengine, na uchovu na kukosa pumzi zikatajwa miongoni mwake.

Kisha mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha kile ambacho wagonjwa walikuwa wakikingojea. Waliwachukua watu 25 wenye hali hiyo na 21 waliopata UVIKO-19 wakapona kabisa, wakawaendesha baiskeli ya mazoezi hadi wachoke, na wakachukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada. Kwa wagonjwa, baada ya zoezi mitokondria, zile sehemu za seli zinazogeuza oksijeni kuwa nguvu, zilifanya kazi vibaya zaidi, na tishu za msuli zilionyesha uharibifu ulioongezeka. Yaani mwisho kabisa wa ile safari ya oksijeni, ndani ya msuli wenyewe, mambo yaliharibika kwa sababu ya juhudi. Mwambie mtu wa namna hiyo ajikaze, umemwambia aendelee kuumia.

Sasa tazama ugumu ulipo. Mimi na mwalimu tungesimama pamoja kwenye kidato cha 22, sote tunatweta, sote mapigo yako juu, sote picha za mapafu ni safi. Dawa yangu ni kupanda tena kesho. Dawa yake ni kuketi. Daktari mwenye dakika tano, mwajiri mwenye barua ya ruhusa ya siku saba, ndugu mwenye upendo, wote hao hawana namna ya kututofautisha kwa kututazama. Anayeweza kututofautisha ni yule anayetuuliza baada ya siku mbili.

Aliyelegezwa na kitanda huchoka papo hapo. Jioni miguu inamuuma, analala usingizi mzito, asubuhi anaamka na misuli iliyokaza lakini kichwa chepesi, na akirudia juma lijalo anaona tofauti, hata kama ni ya vidato vitatu. Yule wa kundi la tatu anaweza kujisikia vizuri siku yenyewe. Bei yake huja baadaye, na huja kwa dalili zisizo za misuli: koo, homa ya ndani kwa ndani, akili nzito, usingizi usioburudisha. Na akirudia, hashuki pale pale, hushuka chini zaidi.

Kwa hiyo nashauri daftari. Nalisema hilo nikijua kwamba wengi wetu hatupendi kuandika. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, hesabu mapigo kwa dakika nzima, uandike. Andika jana ulifanya nini, na leo umeamkaje. Mistari miwili inatosha. Baada ya wiki mbili utaona jambo ambalo kumbukumbu haikuonyeshi, kwa sababu kumbukumbu hulaumu lililo karibu. Mwalimu alipoanza kuandika, mchoro wake ulijitokeza wiki ya pili: kila mapigo ya asubuhi yalipopanda kwa kumi au zaidi, siku mbili nyuma yake kulikuwa na kazi iliyozidi. Hata kikao kirefu cha wazazi kilikuwemo.

Kuna kipimo kingine cha nyumbani kinachofaa kwa wale wanaosikia kizunguzungu wakisimama. Lala dakika kadhaa, hesabu mapigo, kisha simama wima na uhesabu tena mara kwa mara hadi dakika ya 10, uwe na mtu karibu. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko bila shinikizo la damu kushuka, neva zinazoendesha moyo bila sisi kuziamuru huenda hazijatulia. Mpelekee daktari namba hizo kwenye karatasi. Namba husikilizwa haraka kuliko neno "nachoka".

Kifaa kile cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ni kizuri, na kwa nafsi yangu namshukuru mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi aliyelivumbua wazo lake katika miaka ya 1970. Lakini kisiaminiwe kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni takriban mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa Weupe, kwa sababu kinasoma mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwenye ngozi nyeusi akisoma 94 na pumzi inambana, aisikilize pumzi. Kinachosaidia zaidi ni kulinganisha: soma ukiwa umeketi, kisha inuka na kuketi kwenye kiti kwa dakika moja kadiri unavyoweza, usome tena. Ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, hilo si la kukaa nalo nyumbani.

Ile kanuni ya 220 toa umri, ambayo watu huitumia kupanga mazoezi kwa mapigo, mimi ningeiweka kando kabisa wakati huu. Ni makadirio yanayoweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse ambaye moyo wake unafidia damu iliyopungua. Bora kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, aliyempa mtu namba kuanzia 6 hadi 20 ajipimie mwenyewe anavyojiona anajitahidi. Au rahisi zaidi, zungumza. Ukiweza kusema sentensi ndefu bila kuikata kutafuta hewa, uko mahali salama. Ukibaki na maneno mawili mawili, umepita.

Kurudi kwenyewe sina maneno mengi, kwa sababu kukieleweka wewe ni wa kundi gani, njia ni fupi. Mtu asianze mazoezi yoyote ya maana mpaka apite siku saba bila dalili. Kwa waliougua UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani limegawa safari hiyo katika ngazi tano, na linataka mtu akae angalau siku saba kwenye kila ngazi: kujinyoosha na kupumua taratibu kwanza, kisha kutembea na kazi nyepesi za nyumbani, na mbio zikaja mwishoni. Ukiona dalili zinarudi, shuka ngazi moja. Tusisahau nguvu za mapaja, maana watu hukazania kutembea tu wakati kinachowafanya watwete kwenye ngazi ni misuli iliyopungua. Kuinuka kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, kulinisaidia kuliko matembezi. Na pumzi ikikatika, usisimame wima ukivuta hewa kwa mdomo. Inama mbele kidogo, weka mikono juu ya mapaja au ukingo, legeza mabega, toa hewa polepole kama unayepuliza moto usizimike. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Kwa mwenye kuanguka baada ya juhudi, ngazi hizo tano si zake. Yeye kazi yake ni kutafuta kiwango asichoanguka, akae chini ya hapo, hata siku njema. Siku njema ndiyo siku ya hatari. Hilo ni gumu kuliko kukimbia, na naliona linavyomtesa rafiki yangu, mtu aliyezoea kusimama tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Ninachowadai wenye mamlaka juu ya wagonjwa ni kidogo. Tangu mwaka 2016 Chama cha Moyo cha Marekani kimesema utimamu wa moyo na mapafu uhesabiwe kama ishara muhimu ya uhai, sawa na shinikizo la damu, kwa sababu unatabiri maisha ya mtu vizuri kuliko vingi tunavyopima kila siku. Bado wagonjwa wengi huruhusiwa kwa kutazamwa joto la mwili na picha ya kifua. Kipimo cha kutembea dakika 6 kinahitaji ukumbi wa mita 30, saa na kiti. Sioni kwa nini mtu aliyeugua kifua wiki mbili arudishwe kwenye kazi ya kubeba mizigo bila kutembezwa kwenye ukumbi, kisha kupigiwa simu baada ya siku mbili kuulizwa ameamkaje. Simu hiyo ingemwokolea mwalimu miezi. Na barua za ruhusa ya ugonjwa zingeandikwa na watu wanaojua kwamba nusu siku ya kazi kwa mwezi mmoja inaweza kumrudisha mtu mapema kuliko siku saba kamili za kulala na kisha kutupwa kwenye zamu nzima.

Mimi nilifika juu bila kusimama wiki ya tisa. Mapigo 112, na nilikuwa na mfuko mkononi. Asubuhi iliyofuata yalikuwa 62 kitandani, nikaandika.

Mwalimu anafundisha vipindi viwili kwa siku, ameketi. Jikoni ameweka kigoda karibu na sinki. Nguo anafua chache chache, Jumatano na Jumamosi, na anapojisikia na nguvu za kuongeza, anaacha. Juzi alinitumia ujumbe kwamba ametembea hadi mwisho wa barabara ya kwao na kurudi, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. Nilimjibu kwa shangwe, nikamwuliza ametembea lini. Akaniandikia kwamba ilikuwa Jumanne. Ujumbe wake ulifika Ijumaa.